Mkalimani Mwenye Kinyaa

Raho binti Yarow alikuwa na kinyaa tangu utotoni, na Garissa nzima ilijua. Alipokuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, alinusa chupa ya mteja kabla ya kumimina, na akiona haikuoshwa vyema humrudishia huku akitema mate pembeni. Wateja wakamkimbia. Lakini Mungu si Athumani: mwaka 1993 kituo cha wakimbizi nje ya mji kilitafuta mwanamke wa kufasiri Kisomali, na Raho, aliyekua jirani na wake za polisi, alikijua Kiswahili barabara.

Kazi yenyewe ilimchefua. Mshauri wa kituo, Katunge, Mkamba mpole wa kutoka Kitui, alifundishwa kwamba mtu asihukumiwe wala asipewe mawaidha. Asikilizwe, apokewe jinsi alivyo, naye ataiona njia yake mwenyewe.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, dada Raho," alikuwa akimwambia.

Basi kutwa ni kutikisa vichwa kwa kuitikia, kama mijusi! Aliyeiba mgao wa jirani anatikisiwa kichwa, aliyemtukana mama mkwe anatikisiwa kichwa. Uchafu mtupu, aliona Raho. Kwao mkosaji hukaripiwa, kisha hutubu. Akaanza kuyasafisha maneno kimyakimya: tusi akaliacha, aibu akairuka, na Katunge asijue.

Ndipo akaja Sharifo. Alikimbia vita na watoto watatu, akafika na wawili. Wiki tatu alikaa mkekani bila kutamka neno, na Katunge hakumharakisha. Wiki ya nne akasema, kwa Kisomali, macho chini. Maji yaliwaishia. Mdogo alikuwa mgongoni, mkubwa amemshika mkono, na yule wa kati miguu ikakataa. Akamkalisha chini ya kichaka, akamfunika kwa shuka, akaondoka. Mtoto alikuwa hai. Alikuwa akimwita.

Raho akavuta mtandio puani. Hata ngamia humlilia ndama wake! Mwanamke gani huyu?

"Anasema mmoja alimfia njiani," akafasiri.

"Pole sana, mama," alisema Katunge. "Kufiwa na mtoto ni uchungu."

Sharifo akainua uso. Raho hakujua kwamba mwanamke huyu aliwahi kuuza samli mpakani, El Wak, kwa wake za maafisa wa Kenya.

"Mimi hakusema yeye nakufa," Sharifo alisema kwa Kiswahili. "Mimi naacha yeye. Nasikia yeye naita mama, mama. Mimi nakwenda tu."

Katunge hakumkemea yeyote. Alimwuliza Sharifo kama angependa aletewe mkalimani mwingine. Raho akaomba moyoni akubali. Alitaka kutoka nje, alitaka maji anawe.

"Hapana. Huyu nakaa," alisema Sharifo. "Pole yako mimi nataka, lakini si ya maiti. Huyu naambia wewe tena. Yote."

Katunge akamgeukia Raho, akangoja. Raho akaanza upya, neno kwa neno: maji, mgongo, mkono, miguu iliyokataa. Alipofika kwenye kichaka akasita. Aliona haya, na kinyaa chote alichokuwa nacho kikamgeukia yeye mwenyewe. Hakuna aliyemharakisha. Sharifo alimtazama usoni, akamsubiri amalize.