Siku Nilipoipasha Moto Amplifaya ya Baba Mdogo

Chekeni kwanza mmalize ndiyo nianze, maana nikifika katikati najua hamtanisikia. Mimi huyu mnayeniona hapa bwenini nikiiga mwendo wa mwalimu wa zamu, nisiyeona haya hata akinikuta nyuma yake namwiga, nina siku moja ambayo nikiikumbuka nageukia ukutani na kujifunika shuka gubigubi, na kule kwetu Mollo mpaka leo kuna wazee nikiwaamkia shikamoo hawaitikii marahaba, wanaitikia, "Jiko umekuja nalo?"

Baba mdogo Oskari, anayemfuata baba kuzaliwa, alifanya kazi kwenye migodi ya shaba kule Zambia, na wenzake waliporudi na mablanketi na baiskeli yeye alirudi na amplifaya ya gitaa ya Kijapani, iko juu ya lori kutoka mpakani Kasesya, ameikumbatia njia nzima kama bwana harusi. Ilikuwa ya zamani, ya zile zenye taa ndani, vioo kama vichupa vya dawa vinavyowaka rangi ya machungwa, na Baba mdogo hakuiacha hata siku moja ikapumzika. Sanduku lililiwa na mchwa, akalichonga jipya la mninga. Spika ilichanika, akaweka kubwa zaidi aliyoing'oa kwenye redio iliyokufa parokiani. Taa mbili zilikata roho, akatafuta nyingine kwa mwezi mzima. Kitufe cha sauti kilipopotea akaweka kifuniko cha dawa ya meno, na kwa kuwa umeme wa Japani ati ni mpole kuliko wetu, akaitafutia transfoma ya kuupunguza, nzito kama jiwe la kusagia, na mbebaji wa transfoma hiyo mnaye hapa mbele yenu.

Jamani, ile sauti! Si kama hizi redio za mkulima zinazolia puani. Baba mdogo akigusa uzi mmoja tu, sauti ilitoka nene, ina joto, inakuingia kifuani na kukaa humo. Jumamosi fundi wa parokia alipotuazima jenereta, watu walitoka shambani na majembe begani wakasimama tu. Mimi nilipiga manyanga, rafiki yangu Fidelis alipiga ngoma, na kwa kuwa shuleni Jumamosi tulikuwa na kazi za shamba, kila mara tulifika amplifaya imeshaanza kunguruma. (Kumbukeni hilo, ndipo balaa lilipojificha.)

Basi Mwenyekiti wa kijiji akaanza kuitazama. Miaka ile kila kitu kilikuwa chetu sote, shamba letu, duka letu, ng'ombe wetu, na Mwenyekiti alikuwa mtu mwema lakini akiona kitu kizuri mkononi mwa mtu mmoja alikuwa anawashwa. Akasimama mkutanoni akasema, "Ndugu wananchi, haiwezekani mtu mmoja awe na sauti kubwa kuliko kijiji!" Watu wakapiga makofi. Ikaamuliwa hivi: siku ya sherehe ya mavuno ya shamba la ujamaa, bendi ipige mbele ya kijiji chote, ikionekana ule mtambo una faida kwa wote, Baba mdogo ataendelea kuutunza yeye, ikionekana ni anasa yake binafsi, unahamia ofisi ya kijiji kutangazia mikutano. Baba mdogo hakubishana. Ila wiki ile yote nilimwona akiifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Siku yenyewe ikafika, ya mwezi wa saba, upepo wa Ufipa unakata masikio. Tumepanga vyombo uwanjani, amplifaya imekaa juu ya benchi la shule, Baba mdogo anatengeneza gitaa, mara uzi ukakatika. Hakuwa na mwingine. Mtu pekee mwenye nyuzi alikuwa karani mmoja wa kutoka Mbeya, anakaa mjini Sumbawanga, basi Baba mdogo akarukia baiskeli, akaniita.

"Mwanangu, nitarudi Mwenyekiti akiwa bado anahutubia, si unamjua. Fundi atawasha jenereta. Wewe ipashe moto."

"Sawa, Baba mdogo."

"Uipashe vizuri, nisikute ya baridi."

"Usiwe na wasiwasi!"

Hapo ndipo palikuwa pa kuuliza. Neno moja tu, "kivipi?", na leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini nilikuwa darasa la saba, nimeshajitangaza kwa wasichana wote kuwa mimi ndiye fundi mitambo wa bendi, nitaulizaje mbele ya Fidelis? Fidelis mwenyewe, ambaye hajajaliwa aibu, akauliza.

"Sasa tunaipashaje?"

"Wewe Fide, chai iliyopoa kwenu mnaipashaje?"

"Na moto."

"Sasa unaniuliza nini?"

Msinione mjinga kupita kiasi, nilikuwa na ushahidi. Lori la ushirika, asubuhi za baridi kama ile, si dereva huwasha moto chini ya injini ndipo likubali kuamka? Lori mtambo, amplifaya mtambo. Nikaenda kwa akina mama waliokuwa wanapika maharage ya wageni.

"Shikamooni. Naomba jiko moja, la mitambo."

"La mitambo? Nani kakutuma?"

"Baba mdogo kasema."

Nikapewa jiko lenye mkaa uliokolea, mwekundu, nikalisukuma chini ya benchi, upande wa nyuma ambako sanduku lile liko wazi, ili joto liingie lote. Kisha nikaona upepo unaniibia joto langu, nikamwendea bibi yangu nikamvua blanketi mabegani. Bibi akauliza kwa Kifipa kama hicho kitu kina homa. Nikamwambia ndiyo, bibi, kidogo. Nikaifunika amplifaya vizuri kama mgonjwa, nikasimama pembeni mikono nyuma, nikiwaangalia wasichana kwa jicho la kitaalamu.

Mwenyekiti akapanda jukwaani na mgeni kutoka wilayani. Kidumu Chama, kidumu, akaanza. Aliongea mbolea, akaongea vyoo, akafika kwenye ule mtambo. "Ndugu wananchi, leo tutaupima mtambo huu mbele ya macho yenu!" na pale pale ikaanza harufu ya mishumaa. Mishumaa kabisa, kama kanisani. Mama mmoja mbele akapiga ishara ya msalaba, nadhani alifikiri padri anapita. Kumbe Wajapani wale ndani huziba vidude vyao kwa nta, na nta ilikuwa inayeyuka, inadondoka tone moja moja juu ya mkaa wangu. Fidelis akaninong'oneza, "Imeiva?" Sijamjibu, blanketi likatoa moshi, kisha ulimi wa moto.

"Mtambo unaungua!"

Huwezi kuamini jinsi mkutano wa Chama unavyoweza kutawanyika. Viti vya wageni vilipinduka, mgeni wa wilayani akaruka jukwaa akiwa na kofia mkononi, na mgambo mmoja, kijana shupavu sana, akatazama kushoto na kulia, akaona debe limejaa, akalinyanyua na kukimbia nalo. Wazee wakasimama wote kwa pamoja. Sijawahi kuwaona wakisimama hivyo hata kwa wimbo wa taifa.

"Si hilo! Wewe mtoto! Si hilo!"

Lilikuwa debe la pombe ya ulezi, ya wazee, iliyosubiriwa siku zote zile. Mgambo akalimwaga lote, pwaaa, juu ya blanketi, juu ya amplifaya, mpaka kwenye jiko, na ukatoka mvuke mweupe wenye harufu ya klabu ya pombe siku ya Pasaka. (Namshukuru Mungu fundi alikuwa bado anahangaika na kamba ya jenereta, ingekuwa imewaka nisingekuwa hapa nawasimulia.) Mzee mmoja alikalia jiwe, akashika tama kama aliyefiwa.

Katikati ya mvuke huo Baba mdogo akafika na baiskeli, uzi mpya wa gitaa ameushika mdomoni. Watu wakampisha. Akatazama sanduku la mninga, nusu jeusi, nusu linachuruzika.

"Nani kafanya hivi?"

Fidelis, rafiki yangu kipenzi, akaninyooshea fimbo zote mbili za ngoma.

"Niliipasha moto, Baba mdogo," nikasema.

"Ukaipasha na nini?"

"Na... moto."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Mpui. Walicheka wapishi, akacheka mgeni wa wilayani, akacheka na bibi yangu ambaye blanketi lake ndilo lililoungua. Baba mdogo peke yake hakucheka. Alipiga magoti, akatoa leso, akaanza kuzichomoa zile taa moja moja na kuziinua kwenye jua, na kila alipoinua nyingine niliona midomo yake inatetemeka, nikatamani kulia, nami si mtu wa kulia.

Mwenyekiti akasogea. Akaizunguka amplifaya, akainama, akanusa, akajifuta tope la ulezi kwenye kiatu. Akakohoa.

"Kwa hali hii," akasema, "kamati inaona mtambo huu ubaki mikononi mwa ndugu Oskari mwenyewe. Auhangaikie yeye."

Wajumbe wote wakanyoosha mikono juu. Hakuna aliyetaka mzoga ule ofisini kwake. Na Baba mdogo, akiwa bado amepiga magoti, nilimwona anainamisha uso kwenye leso na mabega yanamcheza, nikadhani analia, kumbe ndiyo kwanza ameanza kucheka.

Taa zilikuwa nzima zote. Tuliianika barazani, tukabandika karatasi mpya kwenye spika, tukaziba vidude kwa vipande vya mishumaa tulivyoomba parokiani. Siku ya kuijaribu aliniita mimi.

"Washa."

Nikabonyeza, tak. Kimya.

"Sasa nifanye nini?"

"Kaa."

"Nikae tu?"

"Kaa. Mikono mfukoni."

Tukakaa. Polepole zile taa zikaanza kuwaka, kwanza kama kaa la moto la mbali, kisha rangi ya machungwa. "Ndiyo kuipasha moto kwenyewe huku?" nikauliza. "Ndiyo kwenyewe," akasema. Na ilipopata joto ikatoa harufu ya ulezi, na tangu hapo kila ilipopigwa wazee walisogeza vigoda vyao karibu na spika, macho wamefumba, hata Mwenyekiti. Siku moja nilimsikia akinung'unika, "Lakini mtambo huu kwa kweli ungefaa ofisini." Baba mdogo alijifanya hakusikia, akazungusha kile kifuniko cha dawa ya meno, akaongeza sauti.

Nimeikumbuka mno ile sauti na ile harufu, huku Tabora kwenye joto na kengele za shule. Nimeapa: kitu kisicho na sufuria sikipashi moto mpaka niulize mara mbili.