Bangili ya Bibi kwenye Waya Mwekundu

Kazi yangu ni kutoa urani inayofaa tena ndani ya fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika. Niliisomea ughaibuni. Tunaitumbukiza fueli kwenye chumvi iliyoyeyushwa kwa moto mkali, tunaiunga upande chanya wa umeme, nayo inalika kidogo kidogo. Urani safi inakwenda kujishika upande hasi, takataka zinabaki nyuma. Mkono wangu umeshazoea: cha kusafishwa, waya mwekundu, ule wa chanya.

Nilirudi nyumbani Darsait kwa harusi ya dada yangu. Mama akatoa bangili ya fedha ya bibi, kitu pekee cha mama yake alichotoka nacho Unguja, amvishe dada siku ya hina. Ilikuwa imeingia weusi. Alitaka kuipeleka kwa sonara, na mimi kwa kiherehere changu cha kisomi nikamwambia aniachie.

Nikaazima chaja ya betri ya gari kwa fundi wa mtaa wa Wadi Kabir. Nikatia maji ya chumvi kwenye bakuli, bangili waya mwekundu, kijiko waya mweusi, nikawasha. Nikaenda kuswali adhuhuri, nikala wali, nikapiga soga na shangazi.

Niliporudi, maji yalikuwa kama ya kufulia. Fedha iliyoingia weusi husafishwa upande hasi. Cha upande chanya huliwa. Hilo nalijua tangu mwaka wa kwanza chuoni. Nikaisugua bangili ikawa nyeupe, lakini maua yaliyochongwa yalikuwa yamefutika yote. Nililia palepale jikoni, mtu mzima na shahada zangu.

Sikumficha mama. Aliipokea, akapitisha kidole gumba pale maua yalipokuwa.

"Nlikuwa nikilala nnayapapasa haya mkononi mwa mamaangu," alisema.

"Nisamehe, mama. Nimeunga upande siwo."

"Na huko kazini kwako, ukikosea upande?"

"Huko tuko wawili. Mmoja anaunga, mwenzake anakagua kabla ya kuwasha."

"Na hapa, mwanangu, mbona hukuniita?"

Alikuwa sebuleni muda wote ule, mlango uko wazi.

Kesho yake, siku ya hina, alimvisha dada bangili hiyo hiyo, nyeupe, tupu. Nilikuwa nimekaa karibu, nikakiona kidole gumba cha mama kinarudi kutafuta maua.