Mguu wa Kuku wa Mdogo Wangu

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Lakini dhahabu ninaijua kwa kuiona, na nyumba mbili ninazo Geita ambazo hakuna mwanaume aliyenisaidia hata tofali. Nilikuwa mnunuzi. Nilikwenda machimboni na fedha, nikarudi na mzigo, na miaka yote hiyo nilitembea na bastola kiunoni, chini ya kitenge, yenye leseni yake.

Yangu ilikuwa tisa, maana yake risasi yake ina upana wa milimita tisa. Bastola huitwa kwa upana wa risasi, kama kiatu kinavyoitwa kwa namba, na watu wengi hupotea hapohapo. Wanadhani mwenye namba kubwa ndiye mtu mkubwa, na hawajui kwamba tisa ni milimita, ila arobaini na tano au thelathini na nane ni sehemu za mia za inchi. Nilipokuja Landani kukaa na binti yangu, ambaye ni nesi, niliikabidhi polisi kulekule nyumbani. Hapa raia hatembei na kitu kama hicho, hata askari wengi wa mtaani hawana. Mwanzoni kiuno kilikuwa chepesi mpaka nikahisi natembea upande upande. Sasa nimezoea.

Biashara nilimwachia mdogo wangu wa kiume. Alikwenda nayo vizuri mpaka wanunuzi walipoanza kuviziwa njiani. Mwenzake wa duka la jirani aliuawa akirudi kutoka machimboni. Mdogo wangu akaomba leseni, akapata, na siku ya kwenda kuchagua silaha akanipigia kwa video. Mimi nilikuwa saluni hapa Peckham, kichwa nusu kimesukwa.

"Shikamoo dada. Niko kwa muuzaji. Nachukua arobaini na tano."

"Marahaba. Unakwenda kuwinda nyati?"

"Hii inaangusha, dada. Ukimgusa mtu tu, kalala."

"Ukimgusa. Na ukimkosa?"

Nikamwambia ninayoyajua. Ile kubwa ina teke, inarusha mkono juu, na mpaka uushushe tena mwenzako keshakufikia. Ni nzito, utaichoka, siku moja utaiacha nyumbani, na siku hiyohiyo ndiyo utakayoihitaji. Tisa inatosha. Risasi zake za siku hizi zimetengenezwa vizuri, unazipakia nyingi, na mkono unatulia. Inayokulinda ni ile risasi iliyofika ulikotaka ifike.

Sasa, neno bastola linasikika kama la Kiingereza. Ningelitamka pale, saluni nzima ingegeuka. Kwa hiyo nikawa nasema kama tunavyosema mtaani kwetu, mguu wa kuku. Mguu wa kuku mkubwa haukufai. Chukua mguu wa kuku wa tisa. Nilijiona mjanja kabisa.

Nilisahau kwamba msusi wangu ni Mkongo wa Bukavu, na Kiswahili anakijua, ila mguu wa kuku kwao ni mguu wa kuku.

"Mama," akasema, kitana mdomoni, "mwambie ndugu yako ya mukubwa ni mubaya. Inaungua inje, ndani inabakia mubichi. Akamate ya kiasi, ile mukono inaweza kushika muzuri."

Mdogo wangu akasogeza uso kwenye simu. "Dada, huyo ni nani?"

"Fundi," nikamjibu.

"Anajua mambo haya?"

"Wewe umemsikia."

Hapo muuzaji aliyekuwa nyuma yake akaangua kicheko, maana yeye alikuwa ameelewa kwamba fundi anasema kuku wa kukaanga, na mdogo wangu naye akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akicheka tangu tumzike yule mwenzake wa duka la jirani, mdogo wangu akiwa makaburini na simu mkononi na mimi nikiwa jikoni kwa binti yangu. Nikaona huu ndio wakati wa kumshikisha ile tisa.

"Haya, shika hiyo tisa. Koki nione."

Simu ikatazama dari.

"Geuza simu."

"Dada, mkono umepona."

"Sijauliza kama umepona. Nimesema koki."

Mkono wake wa kulia ulibanwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Alituambia wote kwamba umerudi kama zamani, na mimi kwa umbali huu nilikuwa nimeamini. Akageuza simu. Muuzaji akaifungua bastola, akahakikisha haina kitu, akampa. Tisa ili uikoki lazima uvute chuma cha juu kwa nguvu. Akavuta. Kikaja nusu, vidole vikateleza, chuma kikarudi. Akavuta tena, hivyohivyo. Muuzaji akajifanya anafuta meza.

Nilimwona kichwani mwangu, amekufa barabarani, silaha mkononi, haijakokiwa. Nikakiinua kichwa ghafla, hata msusi akaniuliza kama amenivuta nywele.

"Acha hiyo," nikamwambia mdogo wangu. "Nimekosea. Omba thelathini na nane, ile yenye tumbo la kuzunguka. Haikokiwi. Unavuta triga tu."

"Ile ya walinzi wa getini? Dada, watu watasema wewe mwanamke ulibeba tisa, mimi nabeba ya mlinzi!"

"Hao watu watakuwepo njiani?"

"Risasi zenyewe chache."

"Chache zinazotoka. Sasa hivi una nyingi zisizotoka."

Akatukana kidogo, si mimi, ni karasha. Kisha akaishika ile thelathini na nane. Alivuta triga ikiwa tupu, taratibu, na mdomo wa bastola haukuyumba. Akaihamishia mkono wa kushoto, akavuta, nao ukatulia. Nilimwona mabega yakishuka.

"Amechagua?" msusi akauliza.

"Amechagua."

"Basi mwambie asisahau ndimu."

Wiki ile alikwenda uwanja wa shabaha kujifunza, akanitumia picha ya ubao wake. Matundu yalikuwa yamekaa pamoja katikati kama watu kwenye kikao, isipokuwa moja lililokwenda juu peke yake.

Nikamwandikia, "Hilo la juu ulivuta kwa hasira."

Akajibu, "Hilo nilikuwa nakuwaza wewe."