Filimbi ya Chuma

Walimwita Chuma, naye akalipokea jina hilo kana kwamba amelisomea. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya asubuhi kwenye jimu, mwenye filimbi shingoni na kitambi kilichomtangulia darasani. Mwanafunzi akithubutu kupiga miayo, Chuma alimpulizia filimbi sikioni. "Usingizi ni wa wagonjwa!"

Kisha akaajiriwa mwalimu mwingine, binti mwembamba asiyejua kufoka, na wanafunzi wakaanza kumhamia mmoja mmoja. Meneja wa jimu akachoshwa na minong'ono. "Jumamosi mtakimbia raundi sita uwanjani. Atakayeshinda achukue darasa la asubuhi." Chuma alicheka, lakini alirudi nyumbani akijiuliza. Bila darasa lile angekuwa nani? Baba mwenye kitambi tu, kama wengine.

Wiki nzima alijilaza na simu usoni, taa ya chumbani ikiwaka kama ya dukani, akisoma habari za homoni ya usingizi. Eti panya waliopewa homoni hiyo wakakimbizwa walichoma mafuta zaidi, wakabakiza sukari ya misuli, wakachelewa kuchoka.

"Mume wangu, zima hiyo taa," mkewe alimsihi. "Si mwili unaitengeneza wenyewe kukiwa na giza? Lala basi uipate bure."

"Lala wewe. Mimi niko kwenye utafiti."

Sikio la kufa halisikii dawa. Bwana mtafiti akanunua vidonge vya homoni hiyo, na kwa kuwa panya walipewa kabla ya kukimbia, Jumamosi asubuhi naye akameza vitatu kwa chai. Hakukumbuka kwamba panya ameumbwa kukesha gizani, na yeye kulala.

Raundi mbili za kwanza aliongoza, haki yake tumpe. Ya tatu akaanza kupepesuka. Ya nne akaketi kwenye benchi, eti afunge kamba za kiatu, na mikono ikabaki palepale kwenye kamba. Akalala fofofo, mdomo wazi, mbele ya wote aliowahi kuwapulizia.

Hakuna aliyemcheka kwa sauti, na aliposimuliwa baadaye hilo ndilo lililomuuma zaidi. Binti alimaliza mbio zake, akaja kwenye benchi, akamvua filimbi shingoni polepole. Wanafunzi wa asubuhi wakajipanga nyuma yake. Akaipuliza kidogo sana, asije akamwamsha.