Ukuta wa Yule Mdogo

Kwa karibu miaka miwili, watu wa Landless, mtaa wa Thika, waliamini kwamba mimi ni nabii. Nilikuwa kinyozi, na kibanda changu kilitazamana na mlango wa video, chumba cha mabati chenye televisheni moja, mabenchi, na blanketi dirishani la kuzuia mwanga. Miaka hiyo ya tisini ndipo zilipoanza kutufikia kaseti za wale watu wanaopigana ndani ya uzio wa waya: ngumi, mieleka, kabali, vyote kwa pamoja. Leo mchezo huo una jina refu na wachambuzi wa kuvaa suti. Sisi tuliuita "ya waya", na mchambuzi nilikuwa mimi.

Nilidai kwamba natazama shingo. "Shingo haidanganyi," niliwaambia wateja huku nimewashika vichwa wasiweze kubisha. Ukweli ni kwamba mwenye video nilikuwa namnyoa kila Ijumaa, na kaseti mpya ikija tuliitazama sisi wawili kwanza, mlango umefungwa, ati tunajaribu kama mashine inasoma. Jumapili niliingia na wenzangu, nikakunja uso, nikapima shingo. Sikukosea hata mara moja. Ningekosea vipi?

Sifa hizo zilinifuata mahali nisipozitaka. Msichana niliyempenda alikuwa akishona nguo pale Thika, lakini kwao kulikuwa Mwiki, upande wa Ruiru. Baba yake alikuwa na bucha, na kwao yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kutabiri. Mzee huyo aliweza kumtazama ng'ombe akiwa bado anatembea, akakuambia kilo zake, na mizani ikaja kumuunga mkono baadaye. Wapiganaji nao aliwapima hivyo hivyo.

Mzee mwenyewe alinipenda. Tatizo lilikuwa kaka yake, nyapara mstaafu wa shamba la kahawa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Bila yeye kukubali, wazee wangu wasingeweza kukanyaga pale kuposa. Naye alikuwa amekataa mara mbili. "Kinyozi?" alikuwa akiuliza. "Mtu anaishi na nywele za watu wengine?"

Basi mzee akaniita. "Kuja Jumapili tukitoka kanisa. Kaka yangu atakuwa huko video. Nataka akuone ukitabiri."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilijua wazi kwamba siku hiyo ndiyo ingeamua kama nitaoa au nitabaki na mashine yangu ya kunyolea. Na nilipoingia Mwiki na kuona kaseti inayochomekwa, nusura nipige kelele kwa furaha. Ilikuwa ile ile niliyoitazama Thika majuma mawili nyuma! Jamaa mkubwa, kifua kama mlango wa ghala, dhidi ya kijana mwembamba aliyevaa nguo nyeupe za karate. Yule mwembamba ndiye anayeshinda. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu.

Mwiki walikuwa na desturi ambayo kwetu haikuwepo. Wapiganaji wakishasimama kutazamana, mwenye video alisimamisha picha, na kila mtu aliinuka na kwenda kusimama kwenye ukuta wa mtu wake. Aliyesema huyu wa kushoto, ukuta wa kushoto. Hakuna kunong'ona halafu baadaye kudai ulikuwa umejua. Hata aibu ilikuwa na mahali pake pa kusimama.

Picha ikasimama. Mzee akainuka wa kwanza, akakohoa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Huyu mkubwa ni kilo mia na ishirini, mfupa na nyama. Huyo mwingine ni supu." Akaenda ukuta wa yule mkubwa, na chumba kizima kikamfuata.

Kaka yake akabaki amekaa. Hakuwa amewahi kuona "ya waya" hata siku moja. Alikuwa amekuja kunikataa tu. Lakini maisha yake yote alikuwa akishindwa na mdogo wake katika kila ubishi, na hakuwa tayari kumfuata ukutani. Akajikongoja hadi upande wa pili, peke yake, akaegemea fimbo. "Mimi na huyu supu," akasema. Watu wakacheka.

Nikabaki mimi katikati ya mabenchi.

Mzee alinitazama kwa jicho moja, lile lingine akalifumba. Akafumbua, akafumba tena. Nikaona ni onyo. "Kijana, angalia vizuri," akasema. "Tumia macho yako, wachana na yangu."

Nikawaza: huyu ni baba mkwe. Nikimwaibisha mbele ya majirani zake na kaka yake, nani atanitetea? Unabii wa miaka miwili nikautupa pale pale. "Baba, vile umeona ndivyo naona," nikasema, nikaenda kusimama kando yake. Akashusha pumzi ndefu. Nilidhani ni ya kuridhika.

Picha ikaendelea. Mkubwa akamwangusha mdogo, na ukuta wetu ukashangilia. Mdogo akalala chali kama mtu aliyechoka na safari, miguu ameizungusha kiunoni mwa mwenzake. Mimi nilishangilia pia, ingawa nilijua kinachokuja. Kikaja. Mkono mmoja ukapita shingoni, kola ya nguo nyeupe ikavutwa, na lile jitu likaanza kupigapiga chini kwa kiganja.

"Anapiga nini hapo chini?" mtu akauliza.

"Amekubali yaishe," akasema mwenye video.

Kisha nyapara akapanda juu ya benchi, mtu wa umri ule, fimbo hewani. "Haiya! Ng'ombe yenu imechinjwa na kuku!" Alicheka hadi machozi, akamwonyesha mdogo wake kidole, akanigeukia mimi. "Na huyu ndiye nabii wa Thika? Hajui kitu! Mimi niliogopa atakuwa mjanja. Mjanja angetusumbua. Huyu ni mjinga tu kama nyinyi. Ambia wazee wenu wakuje."

Hivyo ndivyo nilivyopata mke. Niliona aibu na furaha kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na ipi.

Siku moja kabla ya wazee wangu kwenda, mzee alikuja Landless kunyolewa. Nilipompaka povu shingoni, akasema akiwa amefumba macho, "Ile kaseti nilikuwa nimeiona Ruiru, Jumanne kabla ya siku ile."

Wembe ulisimama.

"Nilienda kwa yule mkubwa makusudi," akaendelea. "Nilikuachia ukuta mzima, ushinde, kaka yangu akuheshimu. Nikakukonyeza mpaka jicho likauma. Na wewe, nabii mzima, ukanifuata kama kondoo. Ulikuwa unaangalia shingo gani?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nakaribia kuwa mtoto wake. "Baba, hata mimi nilikuwa nimeiona. Nilitaka usiaibike."

Alifumbua macho akanitazama kwenye kioo, povu likimshuka. Kisha akaanza kucheka, na alicheka hivi kwamba ilinibidi niweke wembe chini nisimkate. Alipopata pumzi alinishika mkono. "Kaka yangu asijue kamwe. Umenisikia?"

Hakujua. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila sherehe alisimulia upya, benchi likizidi kurefuka na mkubwa akizidi kilo. Tulipomzika, mjukuu wake alisoma historia ya marehemu: shule, shamba la kahawa, watoto, na mwishoni, kwamba yeye peke yake, katika Mwiki nzima, ndiye aliyejua yule mdogo atashinda. Watu wakapiga makofi chini ya hema.

Nikamtazama baba mkwe wangu. Alikuwa analia na kucheka, na anapiga makofi kuliko wote. Nikapiga na mimi, kwa moyo wangu wote. Siku ile, katika chumba kile, ni marehemu tu aliyetabiri.