Istikhara Nisiyoiswali

Mimi ni mtu wa kusema. Mtu akinikanyaga dukani Ruwi, hapa Muscat, atapata maneno yake papo hapo, na nikifika nyumbani Azaiba namsimulia tena. Ila katika jambo hili sina wa kumgombeza isipokuwa nafsi yangu, na kwa hiyo nimelinyamazia miaka mingi.

Mwaka niliomaliza sekondari, miaka ya tisini inakwisha, nilikuwa na barua mbili. Ya kwanza ya chuo kikuu cha hapa Muscat: nimekubaliwa udaktari, moja kwa moja. Ya pili ya chuo cha Amerika, ambako mtu husoma kwanza shahada ya sayansi miaka minne, ndipo aombe chuo cha udaktari. Mtu mwenye akili zake angechagua ipi? Basi miye nilitaka ile ya pili.

Sababu yake naiona haya hata kuiandika. Msichana niliyekuwa nakaa naye dawati moja alikuwa anakwenda Amerika, na darasa zima lilikuwa halina jengine la kuzungumza. Nami nilitaka nizungumzwe. Tena chuo kilikuwa kimeniletea kijitabu cha picha, ukurasa wa kwanza jengo la matofali mekundu, majani ya manjano yamemwagika chini, wanafunzi wanacheka. Nilikitazama mpaka kurasa zikaanza kung'oka. Ndani ya barua yao mlikuwa na sentensi moja iliyosema wazi kwamba vyuo vingi vya udaktari vya kule havipokei wanafunzi wa kutoka nje. Niliisoma, nikaielewa, nikaikunja barua nikaitia chini ya nguo zangu za ndani. Sikumwambia mtu.

Baba alikuwa na duka la vipuri vya magari Wattaya, na hakutaka hata kusikia. "Hapa wamekwishakukubali," akasema. "Kule unakwenda kusoma miaka minne kabla hujaanza kusoma. Una wazimu?" Alikuwa na haki, neno kwa neno. Nilinuna wiki nzima.

Mama ndiye aliyetuamua. "Swali istikhara siku tatu, mwanangu. Muombe Mungu akuchagulie. Atakakokuelekeza, miye nitasimama na wewe, hata baba yako akasirike."

Rakaa mbili na dua, hazizidi dakika kumi. Sikuswali hata siku moja. Wala si uvivu. Niliogopa kwamba nitaswali halafu moyo wangu uelekee chuo cha hapa, na nikishaelekezwa nitafanyaje?

Asubuhi ya siku ya nne mama alikuwa jikoni anachoma maandazi. "Haya, niambie. Umeona nini?"

"Nimeota, mama. Jengo jekundu la matofali, chini majani ya manjano, mlango uko wazi, na watu wananiita niingie."

Ile ile picha ya ukurasa wa kwanza! Nimemsomea mama yangu kijitabu cha chuo nikamwambia ni ndoto. Maandazi yaliungua. "Subhanallah," akawa anasema, "subhanallah," machozi yanamtoka, akanikumbatia na mikono yake imejaa unga.

Sijapata kumsikia mama akimpandishia baba sauti ila siku ile. "Mtoto keshaonyeshwa! Wewe nani wa kumzuia?" Baba akanigeukia mimi. "Umeswali kweli?"

"Wallahi nimeswali, baba."

Aliniangalia kidogo, akavua miwani yake. "Basi," akasema. "Mimi sishindani na Mungu."

Nikaenda. Nilisoma, nisijidhulumu, tena nilisoma vizuri. Nikaomba vyuo kumi na kimoja vya udaktari, na vyote vikanikataa, vingi vyao kwa maneno yale yale niliyoyaficha. Nikarudi. Hapa ningetakiwa nianze mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliokuwa darasa la nane nilipoondoka, na uso huo sikuwa nao. Nikapata kazi ofisi ya bima Ruwi, nasoma ripoti za madaktari na kugonga mihuri. Mmoja wa madaktari hao nilisoma naye sekondari. Yeye alibaki hapa, na sasa ndiye anayemtibu baba sukari. "Mtoto mpole yule," baba husema akirudi kliniki, "ana mkono mwepesi." Hasemi kunichoma mimi, na hilo ndilo linaloniuma.

Hakuna aliyenilaumu. Watu wakiuliza, "Kha, si alikwenda kusomea udaktari huyu?" baba huwakata kauli: "Mwanangu aliswali istikhara. Iko kheri hapo, sisi hatuioni." Ningependa anitukane, wallahi, nipate kulala.

Nilivumilia miaka mitano. Ijumaa moja tunachambua mchele mimi na mama, nikamwambia yote: sala, picha, barua, kiapo. Nilingoja kofi. Mama aliendelea kupeleka mchele huku na huku kwenye sinia, hatoi hata chuya moja.

"Baba yako asijue," akasema mwisho.

"Mama, nataka nimwombe radhi..."

"Asijue, nakwambia! Miye ndiye niliyemnyamazisha."

Wiki ile ile shangazi yangu alikuja kututembelea, akauliza swali lile lile. Baba akaanza maneno yake ya siku zote, Mungu na kheri yake, kisha akamgeukia mama amuunge mkono. "Aliswali siku tatu mtoto huyu. Au sivyo, mwenzangu?"

Mama yangu, katika maisha yangu yote, sijapata kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwondoa mgeni mlangoni. Aliinamia kikombe chake cha kahawa.

"Ndiyo," akasema. "Aliswali."