Hata Mbwa Ametajwa

Jumamosi, kwenye maonyesho ya magazeti ya kale ukumbini Don Mills, huku ughaibuni, mama mmoja Mkenya alisimama kando yangu mbele ya habari za raga ya Kenya za miaka mia iliyopita. Chini ya picha, Wazungu kumi na watano wametajwa mmoja mmoja. Hata mbwa wao ametajwa. Mwenye fyekeo, aliyewafyekea uwanja, ameandikwa "mtumishi".

"Huyu ni babu yangu. Picha hii tunayo nyumbani," mama akasema, akitoa kalamu.

"Mama, usiandike hapo! Hiyo ni kumbukumbu!" msimamizi akafoka.

"Kumbukumbu ya nani?"

Damu ikanichemka. Kitambi changu, nilichokilea katika nchi saba, nikakiingiza katikati yao.

"Andika, mama," nikasema. "Tena kwa herufi kubwa kuliko za mbwa."